Nakuja Kukuchukua

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Mheshimiwa Mkurugenzi, Daktari Bingwa wa Upasuaji na madaktari wote mlioweza kuacha wodi zenu, Matroni na jeshi lako la wauguzi, Ndugu Afisa Utumishi, ndugu wageni waalikwa, wasukuma machela wenzangu, mliosimama ukutani kule nyuma ilhali viti vipo, kwa sababu miili yenu imeshasahau namna ya kukaa, na wewe mama watoto, uliyeketishwa leo mstari wa mbele kati ya wakubwa na hujui mikono uiweke wapi: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mshereheshaji amenipa dakika chache. Amenionyesha idadi yake kwa vidole, nami nimejifanya macho yangu hayaoni mbali.

Katika shughuli kama hii, mimi huonekana mara mbili tu: asubuhi nikileta viti kutoka stoo, na jioni nikivirudisha. Hotuba nimezisikia nyingi, zote kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, nimeegemea ukuta nikingoja ziishe nivikusanye viti vyangu. Kwa hiyo najua kinachosemwa. Najua kwamba anayestaafu husimama hapa akasema hajui aanzie wapi. Mimi najua pa kuanzia. Naanzia miguuni. Ndugu zangu, miguu yangu imechoka. Mgongo umechoka kabla ya miguu, na mabega yalichoka zamani hata nikaacha kuyauliza habari. Mheshimiwa Mkurugenzi, umesema muda mfupi uliopita kwamba mimi ni nguzo ya hospitali hii. Nashukuru sana. Ila nguzo huachwa isimame mahali pamoja, na mimi hapa hakuna siku niliyoachwa nisimame.

Sitaki mnielewe vibaya. Silalamiki. Mtu akichoka kwa kazi aliyoipenda, uchovu wake ni halali, na mimi wa kwangu nimeuvaa leo pamoja na koti hili la kuazima.

Wageni waalikwa, baadhi yenu mna bahati, hamjawahi kulala juu ya machela ya magurudumu. Acheni niwaambie mgonjwa anaona nini. Haoni hospitali. Anaona dari. Anaona taa zikipita, taa baada ya taa, na doa la maji kwenye kona ya korido ambalo kila mkurugenzi huahidi kulipaka rangi. Anaona videvu. Daktari kwake ni kidevu, muuguzi ni kidevu, hata mumewe anayetembea pembeni akimshika mkono ni kidevu kinachotetemeka. Watu wanazungumza juu yake kama wanavyozungumza juu ya meza. Na ghafla gurudumu linapiga kizingiti, mwili mzima unaruka, kidonda kinaamka, na hakuna aliyemwambia kwamba kizingiti kipo. Je, maumivu yale ni ya kizingiti peke yake? Au ni ya kujua kwamba katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyekukumbuka?

Mimi najua kwa sababu nililala juu yake kabla sijaisukuma.

Nilikuwa kibarua wa ujenzi. Nilikuwa napandisha zege, jukwaa likanitupa, mguu ukavunjika mahali ambapo mguu haupaswi kupinda. Nililetwa hapa nikiwa sina mtu. Vibarua wenzangu waliniacha mapokezi wakarudi kazini, na siwalaumu, zege halingoji. Aliyekuja kunichukua kunipeleka chumba cha upasuaji alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Breki. Jina lile alipewa kwa dhihaka, maana mdomo wake haukuwa nayo. Alipoanza kuisukuma machela tu, naye akaanza.

“Tunatoka wodini sasa, kijana. Mbele kuna kizingiti, tutaruka kidogo. Ukiumia nitukane, nimezoea.”

Tukaruka kidogo. Nikamtukana. Akacheka.

“Vizuri, sauti unayo. Sasa tunapita mlango wa jikoni. Unasikia harufu ya vitunguu? Unasikia? Basi pua inafanya kazi, mdomo unafanya kazi. Mguu tu ndio umeleta ubishi, na huo wanaujua namna ya kuunyamazisha. Sasa tunakata kulia. Kuna baridi hapa, usiogope, ni dirisha tu.”

Ndugu wageni, nilikuwa nalia. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nalia machozi yananiingia masikioni, kwa sababu ukilia umelala chali huko ndiko yanakokwenda. Na mzee yule hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia jikaze. Alinifuta sikio kwa kiganja chake, akaendelea kunihadithia korido. Tulipofika kwenye mlango wa mwisho, ule wenye mstari mwekundu sakafuni ambao sisi wasukuma machela haturuhusiwi kuuvuka, aliinama hadi nikamwona uso mzima, si kidevu.

Akasema, “Mimi mwisho wangu hapa. Nakuja kukuchukua.”

Maneno mawili. Nikaingia nayo ndani. Dawa ya usingizi ilipokuwa inanizamisha nilikuwa nimeyashika kama mtu anavyoshika kamba. Na nilipofungua macho, ulimi mzito, kichwa kinazunguka, cha kwanza kukiona duniani kilikuwa uso wa Breki. “Nilikwambia,” akasema. Basi. Akaanza kusukuma, na akaanza kuongea.

Mguu ulipona lakini haukutaka tena kupanda majukwaa. Nikaja hapa kuomba kazi, na kazi niliyoiomba ilikuwa ile ya Breki.

Sasa sikieni jambo lililonishangaza. Baada ya kufanya naye kazi muda mrefu, siku moja tukiwa tunapaka magurudumu mafuta, nilijipa moyo nikamweleza. Nikamwambia, mzee, wewe ulinisukuma nilipovunjika mguu, ukanifuta sikio, ukaniambia nakuja kukuchukua, na kwa sababu yako niko hapa. Alinitazama kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Akauliza, “Mguu upi?” Hakukumbuka! Jambo lililogeuza maisha yangu yote, yeye hakulikumbuka hata kwa mbali. Akasema, “Mwanangu, mimi nasema hivyo kwa kila mtu.” Nikiri, niliona wivu kidogo. Nilidhani lilikuwa langu peke yangu.

Lakini ndivyo lilivyo. Aliyetenda jema dogo hulisahau kabla hajafika nyumbani, na aliyetendewa analala nalo mpaka uzeeni. Leo mimi ndiye ninayesimamishwa sokoni na watu wazima wenye wajukuu. “Wewe si ndiye Tutaruka Kidogo?” Hilo ndilo jina langu mjini, wageni waalikwa, jina langu halisi analijua Afisa Utumishi tu. Wananishika mikono, wananiambia nilisema hiki na kile, na mimi nawatazama kama Breki alivyonitazama, natafuta ufunguo mfukoni.

Nirudi kwenye maneno yale mawili, maana yana kesi.

Daktari Bingwa, uko hapo mbele, utanisahihisha nikikosea. Siku moja ulinisikia nikiyasema mlangoni. Ulitoka, ukanivuta pembeni, ukaniambia kwa utaratibu kabisa: “Usiahidi usichoweza kukitimiza. Kuna wanaoingia humu hawatoki.” Ulikuwa na haki. Wewe ndiye unayeingia ndani, wewe ndiye unayetoka kwenda kuwaambia ndugu. Nilirudi kwa Breki nimenywea, nikamwambia tuache, daktari amekataza, tunawadanganya watu.

Breki alikuwa anakula. Hakuacha kula. Akasema, “Mimi nimemwahidi kupona? Kupona ni kwa daktari na Mungu. Mimi nimesema nakuja kumchukua. Akiwa mzima nakuja. Na asipokuwa mzima, nakuja pia.”

Ndugu zangu, siku hiyo ndipo nilipoelewa kazi niliyoiomba. Kwa sababu nilidhani neno jema ni jepesi. Unalitoa mdomoni, unaendelea na safari. Kumbe ukishalitoa linakudai. Tangu siku ile sikuwahi kumwambia mtu “nakuja kukuchukua” kisha nikaacha mwingine aende. Zamu iliisha, nikakaa. Chakula kilipoa, kikapoa. Mama watoto hapa ni shahidi, amepasha moto sufuria mara nyingi kuliko alivyopika. Waliotoka wazima nilikwenda nikawaambia nilikwambia. Na wasiotoka wazima, nao nilikwenda. Niliwapeleka kule tunakowapeleka, njia ya nyuma, na kwenye kizingiti nilisema tutaruka kidogo. Vijana wa usafi walikuwa wananicheka, mzee anaongea na maiti. Wacheke tu. Mimi nilikuwa sijamaliza safari na mtu wangu.

Huo ndio uchovu wangu, Mheshimiwa Mkurugenzi. Si kusukuma. Chuma kina magurudumu, kinajisukuma. Nimechoka kwa kuwarudia.

Je, ilikuwa na faida? Nimejiuliza hilo mara nyingi, hasa siku za mvua goti linapouma. Kuna fundi cherehani mmoja ambaye mama yake aliingia mle ndani akiwa anatania wauguzi, na hakutoka. Zamu yangu ilikuwa imeisha, nguo za kazi nimeshavua, nikaenda kumchukua yule mama nikiwa na shati la nyumbani. Binti alikuwa amesimama koridoni peke yake. Aliniona tu. Miaka ikapita, nikapeleka suruali dukani kupunguzwa, akanitazama, akaacha cherehani. Akaniambia, “Baba, siku ile nilisahau kila kitu. Sikumbuki daktari alisema nini, sikumbuki nilifikaje nyumbani. Nakumbuka kwamba ulimwambia mama unakuja, na ulikuja. Nikisikia uchungu mwingi huwa nakumbuka hilo, napata usingizi.” Mimi nilikwenda pale kwa ajili ya suruali. Nilitoka nimesahau suruali yenyewe.

Basi, nimewafundisha wenzangu kusema. Wengi walijifunza, wengine wakazidisha, kuna mmoja hapo nyuma alikuwa anawasimulia wagonjwa matokeo ya mpira mpaka shinikizo la damu likapanda. Unajijua. Mmoja tu alinishinda, mwenzetu tunayemwita Taratibu. Dada huyu maneno huyatoa kama yanatoka kwenye akiba ya njaa. Nilimwambia, mwanangu, sema na mgonjwa. Akaniuliza, “Niseme nini?” Nikasema, mwambie kuna kizingiti. Siku ya pili anapita kimya, siku ya tatu kimya. Watu wakasema ana maringo. Mimi mwenyewe nilishaanza kukubaliana nao, mpaka mwalimu mmoja mstaafu niliyemkuta wodini aliponiambia, “Yule dada wenu haongei, lakini kabla ya kila kizingiti aliniwekea mkono begani. Nilipouona mkono, nilijua.” Tangu hapo sikumsumbua tena. Kumbe alikuwa anasema, ila mimi nilikuwa nasikiliza kwa masikio peke yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa mbele ya kipaza sauti hiki, maana kusema kweli kama si hilo ningewaomba mnisamehe niende nikalale.

Hospitali yetu imepata mfumo mpya wa simu. Simu inalia, aliye karibu anakwenda. Ni mfumo mzuri, nausifu bila kinyongo: wagonjwa hawangoji koridoni kama zamani, na sisi hatukimbii jengo zima kwa ajili ya machela moja. Ila una jambo moja. Anayekupeleka si atakayekurudisha. Aliyekuacha kwenye mstari mwekundu ameshaitwa wodi ya watoto, na anayekuja kukuchukua ametoka maabara, hakujui, anasoma jina lako kwenye utepe wa mkononi kama anayesoma anwani ya mzigo. Kwa hiyo vijana wameacha kusema yale maneno mawili. Hawakuyaacha kwa ubaya. Wameyaacha kwa uaminifu, kwa sababu hawawezi kuyatimiza. Na mimi siwezi kumlaumu mtu kwa kukataa kusema uongo.

Ningeondoka na hilo moyoni nikanyamaza. Lakini wiki ijayo, Jumanne asubuhi, mama watoto anaingia mle ndani.

Nimemwomba ruhusa kulisema hili, na amenipa. Wanaonifahamu wanajua kwamba ana uvimbe na kwamba daktari amesema usingoje. Tulikuwa jikoni siku tulipoletewa tarehe. Alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Akasema, “Wewe umewasukuma watu wa watu maisha yako yote. Mimi atanisukuma nani?”

Niliinuka nikaenda kukaza bomba ambalo halikuwa likivuja.

Kesho yake nilikwenda kwa Ndugu Afisa Utumishi kuomba nisogezewe mbele kustaafu, wiki moja tu. Nataka umma huu ujue kwamba nilipokelewa vizuri. Nilipewa kiti. Niliulizwa habari za nyumbani, na nilisikilizwa mpaka mwisho. Kisha nikaelezwa, kwa sauti ya upole sana, kwamba sheria ya kustaafu haina mahali pa kuingiza wiki. Nakushukuru, Ndugu Afisa. Ziko ofisi ambazo ningekataliwa nimesimama.

Kwa hiyo Jumanne nitakuwa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, lile la mbao lenye mguu mmoja mfupi. Nimelipita maisha yangu yote nikiwaambia waliolikalia “samahani, tupisheni njia.” Sasa nitapisha mimi. Nitakuwa kidevu kinachotetemeka pembeni ya machela, mpaka kwenye mstari mwekundu, na hapo nitaachwa.

Naogopa, ndugu zangu. Niliwaambia wengine wasiogope kwa miaka mingi kiasi kwamba nilidhani woga wenyewe umenizoea, hautanigusa. Naogopa kuliko siku ya mguu. Sikuombi, Daktari, uahidi chochote. Najua hukubaliani nami mpaka leo, na Jumanne kisu utashika wewe. Kishike tu vizuri kama unavyokishika siku zote. Sikuombi, Mheshimiwa Mkurugenzi, ubadilishe mfumo kwa ajili ya mke wa mtu mmoja. Nauliza tu, na nawauliza wale waliosimama kule nyuma: je, yupo mmoja wenu anayeweza, kwa asubuhi ile moja, kuiacha simu ilie?

Sijibiwi hapa. Nitajibiwa...

Subirini kidogo. Nani huyo anakuja mbele? Mpisheni, jamani. Ni Taratibu.

Sema, mwanangu. Hapana, sogea, kipaza sauti hakiumi. Mwambie yeye, si mimi, yeye huyo hapo mstari wa mbele.

Wa nyuma hamkusikia. Nitarudia mimi, kwa sababu hatasema mara ya pili, namjua. Amemshika mke wangu begani, akamwambia: “Mama, Jumanne nakupeleka mimi. Na nakuja kukuchukua.”

Mmesikia?

Ninamtazama msimamizi wa zamu. Anatazama viatu vyake. Kwa uzoefu wangu, hiyo ni ruhusa.

Taratibu, unajua ulichokisema kinadai nini. Unajua akiwa mzima na akiwa si mzima. Ameitikia kwa kichwa, anajua. Mama watoto, umeuliza nani, na umejibiwa na mtu ambaye kwa mwaka hasemi maneno ya kujaza kikombe, na kati ya hayo machache amekupa wewe haya. Yashike. Ingia nayo ndani. Mimi niliingia nayo nikatoka.

Wapo mtakaojiuliza mzee huyu amefanya nini hapa maisha yake yote. Sijajenga majengo, sijatibu mtu, picha yangu haitawekwa pale mapokezi. Nilipewa neno na mtu ambaye alisahau kwamba alinipa, nikalipitisha kwa watu ambao nimewasahau, na leo limetoka kule nyuma ukutani likatembea mpaka mstari wa mbele, likafika nyumbani kwangu. Breki hayupo kuliona. Nami nilikuwa sitegemei kuliona. Nilikuja hapa nimechoka, na bado nimechoka, ila tangu nipewe tarehe ile leo ndiyo mara ya kwanza naona kwamba naweza kulala.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Mkurugenzi, Matroni, Daktari, Ndugu Afisa Utumishi, nawashukuru kwa kazi mliyonipa na kwa kunivumilia nikiifanya kwa sauti kubwa. Wenzangu wa ukutani, kaeni. Kuna viti. Nimevipanga mwenyewe asubuhi, sikujua naviandaa kwa ajili ya nani.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu zaidi ya vidole vya mshereheshaji. Mkiondoka, viti viacheni palepale. Leo sivirudishi stoo. Nina mtu wa kumpeleka nyumbani.